Mjadala: Kambi ya Kiangazi Humlea Msanii Chipukizi au Humchuja?

Kambi za kiangazi za sanaa za maonyesho hukusanya watoto na vijana, wengi wao wa kati ya miaka 7 na 18, wakati shule zimefungwa. Hufundishwa uigizaji, muziki, dansi na kazi za nyuma ya jukwaa, kisha huonyesha hadharani walichokiandaa. Zipo za kulala hukohuko kwa wiki kadhaa, na zipo za kutwa ambazo mtoto hurudi nyumbani jioni. Marekani ndiko zilikokomaa, na sababu kubwa ni kalenda. Shule nyingi za huko hufungwa kwa takriban wiki 10 kuanzia Juni. Kenya ina mihula mitatu, na Tanzania mapumziko makubwa huwa Juni na Desemba, kwa hiyo likizo hugawanyika na biashara ya kambi haikupata udongo wa kuotea.

Husemwa mara nyingi kwamba likizo hiyo ndefu iliwekwa ili watoto wasaidie shambani. Historia haikubaliani na simulizi hilo. Katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini zilifungwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na kiangazi zilikuwa wazi. Miji ndiyo iliyofunga shule kiangazi, kwa kukimbia joto na kwa kufuata desturi ya wenye uwezo waliohama mji miezi hiyo. Kambi nazo zilizaliwa katika mazingira hayo ya wenye nafasi. Ile inayotajwa sana kuwa ya kwanza ni ya mwaka 1861, pale Frederick Gunn, mwalimu wa Connecticut, alipowatembeza wanafunzi wake hadi pwani na kupiga nao kambi kwa wiki mbili.

Sanaa iliingia baadaye. Mwaka 1928 Joseph Maddy, mwalimu wa muziki, alifungua kambi ya okestra ya vijana wa sekondari huko Interlochen, Michigan, kwenye msitu ulio kati ya maziwa mawili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa 115. Dansi na uigizaji viliongezwa baadaye, na mwaka 1962 ikazaliwa hapohapo shule ya bweni ya mwaka mzima. Usdan, kambi ya kutwa ya Long Island, ilianza 1968. Stagedoor Manor, inayojikita katika maigizo ya muziki, ilianza 1975 na makao yake ni hoteli ya zamani ya kitalii katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Uingereza ilishapita njia yake: mwaka 1956 Michael Croft, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, aliunda National Youth Theatre kwa kuwaunganisha vijana wakati wa likizo ili waigize Shakespeare.

Siku ya kwanza katika kambi ya maigizo ni ya usaili. Mtoto huimba kipande kifupi, husoma mistari ya tamthilia na hurudia hatua za dansi alizoonyeshwa dakika chache kabla. Orodha ya wahusika hubandikwa ukutani, na hapo ndipo machozi ya kwanza humwagika. Kinachofuata ni wiki tatu za madarasa asubuhi na mazoezi mchana na jioni, huku wengine wakishona maleba, wakijenga mandhari na kuendesha taa. Katika kambi ya okestra mtoto hupangiwa kiti. Wa kwanza katika kundi la fidla ndiye mwenye heshima, wa mwisho hukaa nyuma.

Mjadala huanzia kwenye muda. Watetezi hupiga hesabu: saa 6 za kazi kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 3, ni saa 108. Klabu ya maigizo inayokutana saa moja kwa wiki katika mwaka wa shule wa wiki 36 haifikii hata nusu ya hizo. Tena mazoezi ya klabu hukatizwa na mitihani, na onyesho huahirishwa mwalimu akiugua. Kambini tarehe haisogei, kwa sababu wazazi wamekwisha kata tiketi za safari. Mtoto hujifunza kwamba kazi ya kundi ina siku yake, na kwamba aliyechelewa kushika mistari yake anawachelewesha wenzake ishirini.

Wapinzani huuliza: saa 108 za nini? Mhusika mkuu huzitumia kusema, kuimba na kusahihishwa. Aliyewekwa katika kiitikio anaweza kuzitumia nyingi akiwa amekaa sakafuni kusubiri aitwe. Wote wawili wamelipiwa ada ileile. Hoja hii ni nzito, na watetezi wanaojibu kwamba hata kusubiri ni mafunzo huwa hawajawahi kumtazama mtoto wa miaka 9 akisubiri.

Wakufunzi wana jibu lenye maana zaidi. Wapo wanaounda makundi mawili ya waigizaji kwa igizo moja, kila kundi likacheza siku yake. Wapo wanaotumia matoleo mafupi ya maigizo maarufu, kama yale ya Broadway Junior ya kampuni ya Music Theatre International, yenye urefu wa takriban saa moja na nyimbo zilizopangwa kwa sauti za watoto. Jambo hilo la sauti si dogo. Mvulana anapobalehe zoloto hukua na sauti hushuka karibu oktava nzima. Kumlazimisha aimbe wimbo ulioandikwa kwa mtu mzima, mara nne kwa siku, ni kumwumiza. Hata hivyo toleo fupi halitatui tatizo la orodha ya ukutani. Bado yupo mmoja mwenye jina la juu na wapo kumi waliobaki kuwa “wanakijiji”.

Kutoka hapo hoja huhamia kwenye ushindani wenyewe. Kwa miongo mingi Interlochen ilikuwa na utaratibu wa changamoto za kila wiki ndani ya okestra. Wapigaji wawili wa viti vinavyofuatana walipiga kipande kilekile mbele ya kundi lao, wenzao wakafumba macho na kupiga kura kwa mkono, na mshindi akachukua kiti cha juu. Mtetezi wa utaratibu huo husema ulikuwa wa haki kuliko upendeleo wa mwalimu, maana aliyekuwa wa mwisho Jumatatu aliweza kupanda kwa kufanya mazoezi, na waliopiga kura walijifunza kusikiliza. Mpinzani hujibu kwamba hakuna njia ya uhakika zaidi ya kumfanya kijana amsikilize jirani yake kwa nia ya kumkuta na kosa, na okestra ni kazi ya kusikilizana kwa nia iliyo kinyume kabisa na hiyo.

Katika ballet mchujo hauna hata haja ya kura. School of American Ballet ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1934 na George Balanchine na Lincoln Kirstein, hupokea vijana wa kozi ya kiangazi kwa usaili, na baadhi yao hualikwa kubaki kwa mafunzo ya mwaka mzima. Kiangazi chote, basi, ni mtihani, hata kama hakuna anayeuita hivyo. Hapa mtetezi hukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi: mwili wa mchezaji hujengwa mapema au haujengwi. Mpinzani hulikubali hilo, kisha husema kwamba hata samaki mbichi ana mifupa. Walimu makini hawamruhusu mtoto kusimama kwa ncha za vidole kabla ya miaka 11 au 12, tena baada ya mafunzo ya miaka kadhaa na baada ya kupima nguvu za kifundo cha mguu. Kambi ya wiki mbili inayomtangazia mzazi kwamba binti yake wa miaka 8 atavaa viatu vya kusimamia ncha za vidole inauza picha, na mguu wa mtoto ndio utakaolipa.

Sauti nyingine katika mjadala huu husahaulika, nayo ni ya msanii anayeishi kwa sanaa. Ilisikika kwa kishindo mwaka 1942. Redio ya NBC ilikuwa na kawaida ya kurusha matamasha ya vijana wa Interlochen. Julai mwaka huo James Petrillo, rais wa chama cha wanamuziki cha American Federation of Musicians, aliibana redio hiyo iache. Hoja yake ilikuwa ya tumbo: kila saa ya muziki wa bure wa watoto hewani ilikuwa saa ambayo mwanamuziki mzima hakulipwa. Maddy alishikilia kwamba wanafunzi wanaojifunza si vibarua wanaoshusha ujira. Chama kiliigeukia kambi, na Maddy mwenyewe akavuliwa uanachama.

Umma ulimchukia Petrillo, na ni rahisi kuona kwa nini: mtu mzima mwenye mamlaka akizima fidla za watoto. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Lea iliyokataza kuvishurutisha vituo vya redio kwa namna hiyo, na mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaithibitisha. Lakini swali la Petrillo halikufa pamoja na marufuku yake. Lilibadilisha sura. Leo wanaohoji ujira ni waelekezi na walezi wa kambini, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya sanaa, wanaoamka na watoto, kuwaongoza mazoezini na kuwalaza. Sheria ya kazi ya Marekani huziondoa shughuli za burudani za msimu, zile zisizofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka, katika masharti ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Baadhi ya walezi ni vijana kutoka nje wanaoingia kwa viza ya J-1 yenye kipengele mahususi cha kambi. Wenye kambi husema chakula na malazi ni sehemu ya malipo, na kwamba bila unafuu huo ada ingepanda. Wanaopinga hujibu kwamba kambi inayomfundisha kijana wa miaka 14 kuiona sanaa kuwa kazi, huku ikimlipa mwalimu wake posho, inamfundisha pia sanaa hiyo italipa nini.

Ada ndiyo inayofuata, nayo ndiyo inayowagusa wazazi wengi. Kambi za kulala zenye jina hutoza maelfu ya dola kwa msimu, bado nauli na mahitaji madogo madogo. Interlochen ililiona tatizo la utabaka mapema na kuwavalisha wote sare: shati la samawati, suruali fupi za kodrai kwa wasichana, na soksi za rangi kufuata rika. Mtoto wa tajiri na wa fundi bomba hawakutofautishwa kwa nguo. Mtetezi huliheshimu wazo hilo. Mpinzani huona limechelewa, kwa sababu sare huwalinganisha waliokwisha pita getini, na mtoto wa fundi bomba huenda hakulifikia geti.

Ufadhili upo, na kambi kubwa nyingi hupunguzia ada sehemu ya wanafunzi. Tatizo ni mlango wa ufadhili wenyewe, kwani mara nyingi hufunguliwa kwa usaili, na anayefanya vizuri katika usaili ni aliyelipiwa mwalimu wa faragha mwaka mzima. Mpaka usaili uache kuwa kipimo cha nani asaidiwe, ufadhili huo utaendelea kuwapa walionacho. Kambi za kutwa hupunguza uzito. Gharama ni ndogo, na sheria ya kodi ya Marekani huzihesabu kuwa malezi ya mtoto: mzazi anayefanya kazi anaweza kudai nafuu ya kodi kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Kambi ya kulala haipati nafuu hiyo. Yaani serikali yenyewe imekwisha amua ipi ni hitaji na ipi ni anasa.

Kuhusu faida za kiakili, pande zote mbili hupenda kuitumia sayansi zaidi ya inavyoruhusu. Utafiti unaotajwa sana ni wa Glenn Schellenberg, uliochapishwa mwaka 2004. Aliwagawa watoto 144 wa miaka 6 katika makundi ya kinanda, uimbaji, uigizaji na wasiofundishwa. Baada ya mwaka wa masomo, waliojifunza muziki walipanda katika kipimo cha akili kidogo zaidi ya wenzao, na waliojifunza uigizaji waliboreka katika tabia za kuishi na watu. Matangazo ya kambi huyapenda matokeo hayo na kusahau kwamba yalikuwa ya masomo ya wiki 36, si ya kiangazi kimoja. Wapinzani nao hutaja utafiti wa Baltimore ulioanza mwaka 1982, ulioonyesha pengo la masomo kati ya watoto wa maskini na wa wenye uwezo likipanuka kiangazi, kisha huilaumu kambi. Baadaye watafiti wengine wameonyesha kwamba picha hiyo inategemea sana namna mitihani ilivyopimwa. Kwa vyovyote, kambi ya maigizo haikuahidi kufundisha hesabu.

Usalama haujadiliwi kwa sauti ya juu kama ada, ingawa unastahili zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2021, katika kesi ya Ghislaine Maxwell mjini New York, shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba alikutana na Maxwell na Jeffrey Epstein kiangazi cha 1994 akiwa na miaka 14, mwanafunzi wa kambi ya Interlochen. Epstein aliwahi kuwa mwanafunzi wa kambi hiyo mwaka 1967, na baadaye akawa mfadhili wake. Maxwell alitiwa hatiani Desemba 2021 kwa kumsaidia Epstein kuwanyanyasa wasichana kingono, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mtetezi husema uovu wa mtu mmoja si hukumu ya mfumo mzima, na ni kweli. Lakini mfumo huu una udhaifu wake wa pekee: kijana yuko mbali na wazazi, ana ndoto ya jukwaa, na amezungukwa na watu wazima wanaoweza kuifungua au kuifunga njia ya ndoto hiyo. Mtu anayejitambulisha kuwa mlezi wa vipaji hupata masikio hapo haraka kuliko penginepo. Mfadhili hana haki ya kukaa peke yake na mwanafunzi kwa sababu tu jina lake liko ukutani.

Vipo viwango vya kufuata. American Camp Association, chama kilichoanza mwaka 1910, hutaka kambi ya kulala iwe na mlezi mmoja kwa kila watoto 8 wa miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa kila vijana 10 wa miaka 15 hadi 18. Ithibati yake ni ya hiari, na kambi isiyo nayo haivunji sheria kwa kuikosa.

Hoja ya mwisho ni ile inayouza zaidi: majina. Natalie Portman alipita Stagedoor Manor, Norah Jones alipita Interlochen, Helen Mirren aliigiza Cleopatra na National Youth Theatre mwaka 1965. Wapinzani hukumbusha kwamba maelfu walipita hapohapo na hawajulikani. Hoja yao ni sahihi ila haiharibu kitu, kwani kambi haistahili kupimwa kwa nyota wake. Larry Page, mwanzilishi mwenza wa Google, alipiga saksafoni Interlochen akiwa kijana, na amewahi kusema muziki ulimfunza kujali muda na kasi. Ushahidi huo una thamani kuliko picha za waigizaji kwenye vipeperushi, kwa sababu unahusu wale wengi ambao hawatakuwa wasanii.

Uzito wa hoja uko upande wa kambi, kwa masharti. Kazi ya pamoja yenye tarehe isiyosogea ni elimu adimu, na shule nyingi zimeshindwa kuitoa. Inayoiharibu ni tabia ya kumgeuza kila mtoto kuwa mtahiniwa, na dawa yake iko mikononi mwa wenye kambi: kugawa nafasi kwa zamu, kutenga ufadhili usiotegemea usaili, kumlipa mlezi ujira kamili, kumweka mfadhili mbali na mabweni. Kambi za kutwa zilizo karibu na makazi huyatimiza hayo kwa urahisi zaidi, na ndizo zinazofaa kuongezwa. Mzazi naye ana haki ya kuuliza nafasi zinagawanywaje, nani analala na watoto, na kama ada inajumuisha maleba na tiketi za onyesho. Aulize kabla ya kulipa amana, kwa kuwa kambi nyingi hazirudishi fedha hiyo.